Kutoka Vitani Hadi Mahameni

Kikundi chetu cha historia kilianza na vita, na isingekuwa rahisi kianze na kitu kingine. Sisi ni watu wa milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa. Mtoto wa huku kabla hajajua kusoma ameshasikia kwamba Maji Maji ilianzia kwetu: kwamba mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia kwenye shamba la pamba wakang'oa miche mitatu, na kung'olewa kwa miche ile ndiko kulikokuwa kumtangazia Mjerumani vita. Mwaka 2005, vita vilipotimiza miaka 100, wasomi walifanya mikutano yao, wageni wakapanda hadi kwetu, wakapiga picha mnara wa Nandete, wakashuka. Sisi tuliobaki, walimu wachache, mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika, na vijana waliomaliza kidato cha nne, tukaambizana: basi na sisi tuandike. Nikachaguliwa katibu.

Daftari la kwanza ninalo hadi leo. Ukurasa wa mwanzo una maswali: Kinjikitile alikuwa nani? Dawa ya maji ilitengenezwaje? Nani aliyeanza vita? Tukazunguka nyumba kwa nyumba, na wazee wakatupokea vizuri, wakatujibu bila kusita. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alichukuliwa na pepo Hongo akazama bwawani, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Akawapa watu maji ya kugeuza risasi za Mjerumani. Akakamatwa, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimewaka.

Yote hayo ni kweli kwa jinsi historia inavyoyajua. Lakini kila nilipokaa kunakili, nilizidi kuona kwamba majibu yanafanana kupita kiasi. Mzee wa bonde hili na mzee wa mlima ule, ambao hawajawahi kukaa baraza moja, walisimulia kwa mpangilio uleule na karibu kwa maneno yaleyale. Nikayatambua maneno hayo, kwa kuwa niliyafundisha mimi mwenyewe. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ilitoka mwaka 1969, na tangu hapo imesomwa na kuigizwa shuleni kizazi baada ya kizazi, wazazi wakiwa wamekaa pembeni wanatazama. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu wa kubuni, hata kama matendo yake yanakaribiana na ya yule aliyeishi. Tahadhari hiyo haikufika barazani. Kisa kilitoka milimani kwetu, kikaenda Dar es Salaam, kikarudi kimechapwa vizuri, na wazee wakakipokea kama chao, kwa sababu kweli kilikuwa chao. Naipenda tamthilia ile na sitaki siku moja isisomwe. Tulichokuwa tunakitafuta sisi, hata hivyo, ni kile ambacho mzee aliachiwa na baba yake, na kwa maswali yale hatukuwa tunakipata.

Yule karani mstaafu ndiye aliyetupa njia. Alikumbuka kwamba alipokuwa kijana, mwaka 1967 na 1968, watafiti na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipita vijijini kuwahoji wazee walioviona vita kwa macho yao. Kazi ile iliongozwa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, na sehemu ya masimulizi ikachapishwa mwaka 1968 katika kijitabu cha Kiingereza, Records of the Maji Maji Rising. Baada ya kuhangaika tukapata nakala ya kurudufu. Kijana mwalimu akasimama chini ya mkorosho wa shule akawa anasoma na kufasiri kwa Kiswahili, na mzee mmoja akifasiri tena kwa Kimatumbi kwa ajili ya mabibi waliokaa nyuma.

Pale ndipo kazi ilipobadilika. Watu hawakutulia. Lilitajwa jina, mtu akadakia, "Huyo ni babu yetu, mdogo wake ndiye aliyemzaa fulani." Likatajwa jingine, mzee akatikisa kichwa: "Hapana, Mwalimu, huyo hakukaa huku. Yeye alikuwa kule bondeni, chini ya mwamba." Wote wenye umri wake wakakubali. Vijana wakatazamana, maana bondeni chini ya mwamba hakuna nyumba hata moja, na hakuna aliyewaambia kwamba iliwahi kuwapo.

Sababu inajulikana kwa kila mtu wa rika langu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kusini ilikuwa mbele katika kuhamia vijiji vya ujamaa, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi kijijini sasa ni amri. Wamatumbi walikuwa wakiishi kwa ukoo, nyumba chache hapa, nyumba chache kule, kila kundi na mto wake na makaburi yake. Tukakusanywa kando ya barabara. Shule ilijengwa, zahanati ikajengwa, na mimi ni mtoto wa shule hiyo. Lakini kule tulikotoka kukawa mahame, na mtu aliyezaliwa barabarani hana sababu ya kujua jina la hame la babu yake.

Kwa hiyo tukaanza kwenda mahameni. Tunakwenda kiangazi, majani yakishaungua na ardhi ikionekana. Hame halijifichi kwa mwenye kulijua: miembe mizee imesimama kwa kundi mahali ambapo msitu mtupu ungetarajiwa, mkwaju uko karibu, na ukiinama unaona vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililopasuka, mafiga matatu bado yamekaa kwa pembe zake. Mwenye ukoo hutangulia. Wengine husoma dua na kufukiza ubani, wengine humwaga unga wa mtama chini ya mti na kuwaambia wazee waliolala pale kwamba waliokuja ni watoto wao. Baada ya hapo ndipo tunaandika: jina la mahali, nani alikaa, alitoka wapi, kaburi la nani liko upande gani. Hakiondolewi kitu, hata kigae.

Nilishangaa jinsi mahali panavyofungua kumbukumbu. Mzee ambaye nyumbani alinipa Kinjikitile wa darasani, akisimama kwenye kizingiti cha nyumba ya babu yake husema mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: ghala lilikuwa hapa, hapa ndipo wafanyabiashara waliponunulia mpira wa porini na sandarusi kwenda Kilwa, njia ya maji ilipita huku kwa sababu kule kulikuwa na chui.

Mahame pia yalitulazimisha kutenganisha nyakati. Vijana walitupeleka Kibata kuona handaki walilolijua tangu utotoni kuwa ni la Maji Maji. Lilikuwa refu, limejaa majani, limekatwa kwa kufuata mgongo wa kilima. Mmoja akatoa mfukoni ganda la risasi aliloliokota pale miaka ya nyuma. Tukalisugua kwa majivu na ndimu mpaka shaba ikang'aa. Kwenye kitako, kuzunguka kitundu cha fataki, zikatokea herufi K, namba 15 na alama VII. Ni risasi ya Mwingereza, na 15 ni mwaka wake, 1915. Handaki lile lilitokana na vita vingine kabisa, Vita vya Kwanza vya Dunia. Desemba 1916 majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana vikali Kibata. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipandisha mlimani hata mzinga uliotolewa kwenye manowari ya Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, na upande wa pili walikuwapo askari kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo, pamoja na Wabaluchi wa India. Kwa wazee wetu vyote viwili ni "vita vya Mjerumani". Simulizi la baba aliyebebeshwa mzigo mpaka mabega yakachubuka ni la 1916, la wapagazi. Simulizi la ghala kuchomwa ni la 1905 na 1906. Tukatengeneza kalenda ya matukio, kodi ya nyumba ya 1898, pamba ya lazima ya 1902, Maji Maji, Kibata, kimbunga cha Lindi cha 1952, kuhamia vijijini, na kila simulizi tukaliuliza lilikuwa kabla ya lipi na baada ya lipi. Madaftari yote ya mwanzo ilibidi yapitiwe upya.

Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote yaliletwa na mabibi. Kwa muda mrefu walipokuja kwenye mazungumzo walileta maji ya kunywa wakarudi jikoni, na aliyehojiwa akawa mwenye nyumba. Siku moja nilikuwa nachambua kunde na bibi mmoja, mazungumzo ya wanaume yakiendelea barazani, nikamwuliza, "Bibi, wakati ule watu walikula nini?" Akaniuliza, "Ule upi, mwanangu, wa kukimbia au wa njaa?" Hakuna mwanaume hata mmoja aliyekuwa amenigawia wakati ule sehemu mbili.

Akanichukua porini akiwa na muo. Ming'oko kila mtu wa kusini anaijua, huchemshwa ikauzwa hata stendi, lakini yeye alitaka nione inavyotafutwa. Kiangazi majani yake yamepukutika, kwa hiyo unafuata kikamba chembamba kikavu kilichojizungusha kwenye kichaka, unashuka nacho kwa vidole mpaka kinapoingia ardhini, usikikate, kwa sababu kikikatika umepoteza njia. Alichimba kwa upole, akatoa viazi virefu vyembamba kama vidole, vingine akaviacha, akafukia tena udongo na kuukanyaga. "Bibi yangu alinifundisha hivi," alisema. "Ukila yote, mwakani utakula nini?" Bibi yake alikuwa mtoto wakati Wajerumani walipochoma maghala na mashamba. Watu walijificha mapangoni, Nang'oma na kwingineko, na usiku wanawake ndio waliotoka kuchimba, bila moto, bila kuita majina. Ming'oko ilipokwisha walikula mizizi yenye sumu, ikikatwa vipande na kulowekwa kwenye maji ya mto yanayopita kwa siku kadhaa. Aliyeshindwa kungoja alikufa.

Wanahistoria wanakubaliana kwamba njaa iliua wengi zaidi ya risasi, na makadirio ya vifo vya vita vile yanafika 300,000. Niliisoma hesabu hiyo chuoni nikaijibia mtihani. Sikuwa nimeifahamu mpaka niliposhika kile kikamba kikavu.

Tangu hapo tunawahoji mabibi kwanza, na mahojiano hayo nayafanya mimi na wasichana wawili wa kikundi. Wao wanataja ndugu wa kike ambao wanaume huwaruka wanapohesabu ukoo. Na nyuma ya majina mengi ya wasichana wa kizazi kile neno ni moja: alienda pwani. Walishuka Somanga, Mohoro, Kilwa Kivinje kutafuta chakula, wakaolewa huko, hawakupanda tena. Kivinje wageni huonyeshwa Mwembe Kinyonga, waliponyongewa wapiganaji, na ni haki waonyeshwe. Sisi tulipokwenda tuliuliza pia majina ya mabibi wa mitaa ya jirani, tukapata nyumba ambazo bado zinajua ziliteremka kutoka mlima gani.

Jambo lililotugombanisha ni majumbe na askari. Wapo kwetu watu wa koo zilizotoa majumbe waliosimamia pamba, na wapo wajukuu wa watu waliovaa nguo za Mjerumani. Baadhi yetu walitaka majina hayo yaachwe, wasije watoto wakatukanwa kisimani. Mimi nilishikilia yaandikwe, na naendelea kushikilia, maana jumbe naye alikuwa na mahame, mke na njaa yake, na mtu akiondolewa kitabuni huzushiwa mdomoni. Tukakubaliana kwamba ukoo wenyewe usome kwanza na kuongeza kauli yake. Koo mbili zimesoma na kuongeza kurasa nyingi. Moja imekataa, na ukurasa wake umebaki mtupu, umeandikwa jina tu.

Sasa wasiwasi wetu ni ufuta. Bei yake imewatoa watu kwenda kufungua mashamba mbali, na ardhi nzuri iliyo wazi, yenye rutuba ya makazi ya zamani, ndiyo mahame. Trekta likipita mara moja vigae na mafiga vinakwenda pamoja, na mawe ya kaburi huonekana kama mawe tu. Hatuwezi kumzuia mtu asilime, na mimi mwenyewe nalima ufuta. Tulichofanya ni kupeleka ramani yetu kwenye halmashauri ya kijiji, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, tukaomba makaburi na mapango yaingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Mkutano mkuu ulikubali makaburi bila ubishi. Mapango yamepita baada ya mabishano. Mahame bado, kwa kuwa koo mbili zinagombea mpaka wa hame moja kubwa, na kila upande una bibi anayekumbuka. Wote wawili wamekubali kwenda pale pamoja kabla ya mvua za vuli, kijana wetu akiwa na simu ya kupimia alama, na mimi nikiwa na daftari.