Magazeti ya Kale ya Sanaa

Miongoni mwa mapenzi ya vitu vya kale liko penzi moja lionekanalo dogo, nalo ni la kukusanya magazeti ya zamani yaliyoandika habari za vitu hivyo. Mtu asiyeweza kununua kiti kilichochongwa Uingereza katika karne ya 18, wala bakuli la Uchina la miaka mia nne, aweza kununua gazeti lililovisifu. Majirani humcheka. Kukusanya vitu vya kale, husema, kuna maana. Kukusanya maneno juu ya vitu vya kale ni kutaka kushiba kwa harufu ya pilau.

Kicheko hicho kina haki kidogo, maana karatasi huliwa na mchwa na kugeuka manjano. Lakini magazeti yenyewe yamekwisha kuwa vitu vya kale. The Connoisseur lilianza London mwaka 1901 likakoma 1992. The Burlington Magazine lilizaliwa mji huo huo mwaka 1903, na The Magazine Antiques mjini Boston, Marekani, mwaka 1922.

Mkusanyaji mzoefu hapendelei mabuku yaliyojalidiwa kwa ngozi. Maktaba nyingi, zilipojalidi matoleo ya mwaka, zilizoea kung'oa majalada ya karatasi na kurasa za matangazo ya biashara, zikidhani ni takataka. Hivyo toleo moja lililochakaa, lisilopata heshima ya kujalidiwa, aghalabu lina habari zaidi. Humo huonekana mfanyabiashara gani alikuwa na picha gani, na mwezi gani. Watafiti wafuatao nyayo za mali iliyoporwa na Wanazi kati ya 1933 na 1945 huzipekua kurasa kama hizo, kwa kuwa tangazo dogo laweza kuonyesha kitu kilikuwa wapi kabla mwenyewe hajanyang'anywa.

Hata hivyo kivutio kikubwa kuliko vyote ni makosa. Kitabu huchapishwa tena, na kosa lake hufutwa kimya kimya. Toleo la gazeti likishatoka halirudi.

Novemba 1937 The Burlington Magazine lilitoa makala fupi ya Abraham Bredius. Alikuwa mzee wa miaka 82, aliyepata kuongoza jumba la picha la Mauritshuis, The Hague, kwa miaka 20, na katika elimu ya wachoraji wa Uholanzi neno lake lilikuwa kama hukumu. Alitangaza kuwa imevumbuliwa picha ya Vermeer wa Delft isiyojulikana, Kristo akiwa mezani na wanafunzi huko Emau, akaiweka juu ya kazi nyingine zote za mchoraji huyo. Aliistaajabia hali yake: haijaguswa na mtu, kana kwamba ndiyo kwanza itoke chumbani mwa mchoraji.

Na kwa kweli ilikuwa imetoka karibuni. Aliichora Han van Meegeren, Mholanzi aliyeishi kusini mwa Ufaransa, ambaye alichanganya rangi na kemikali za kutengenezea plastiki, kisha akaioka picha tanurini mpaka rangi ikawa ngumu kama ya karne tatu. Jumba la Boymans la Rotterdam liliipata kwa gilda zaidi ya 500,000. Mwaka 1945 van Meegeren alikamatwa kwa sababu picha nyingine iliyodhaniwa ya Vermeer ilikuwa imeuzwa kwa Göring. Akakiri kuwa zote ni kazi ya mkono wake. Bredius alifariki 1946. Mghushi alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja Novemba 1947, naye akafa mwezi uliofuata kabla hajakianza.

Vitabu vilivyoandikwa baadaye humsimulia Bredius kwa tabasamu la mtu ajuaye jibu. Toleo la 1937 halina tabasamu hilo. Alishikaye leo huikuta furaha ya mzee ingali mbichi, huisoma, huitazama picha, na kwa dakika chache hujitahidi kutojua. Wengi hushindwa. Nyuso zile zenye kope nzito zafanana mno na nyuso za waigizaji wa sinema wa miaka ya 1930, jambo ambalo msomaji wa siku zile hakuliona, kwa kuwa ndizo nyuso alizozizoea.