Kuimba Namba Si Kuhesabu

Wasee, tuongee kuhusu hizi katuni tunazowekea watoi. Mpwa wangu ako na miaka minne. Namba anaimba hadi ishirini bila kukwama, wimbo wote wa katuni ako nao kichwani. Lakini mwambie akuletee vijiko vitatu, anakuja na mkono umejaa.

Kuna wale wataruka hapa waseme tuzime TV. Mimi siko huko. Mama anayetoka saa kumi na moja asubuhi kuwahi matatu, na karo ya nasari ni noma, usimwambie katuni ni dhambi. Katuni nzuri inafundisha. Cheki Akili and Me ya Ubongo, kutoka Dar es Salaam. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia Lala Land, anajifunza herufi na namba na marafiki wake wanyama. Mtoto wa Kayole akiiona, anamwona mtu wa kwao.

Lakini namna katuni imetengenezwa ndio maneno. Blue's Clues ilipoanza Marekani 1996, mtangazaji alikuwa anauliza swali halafu ananyamaza, mtoto apate nafasi ya kujibu. Tena kipindi kimoja kilirudiwa siku tano mfululizo. Wewe ungechoka siku ya pili. Mtoto naye, kadiri anavyorudia ndivyo anavyojibu kwa kelele zaidi.

Sasa kesi ni yetu sisi wa kutengeneza kontenti. Chuo niliacha katikati, sijiiti mwalimu, lakini video za watoto ndizo zinanilipia nyumba, kwa hivyo najua presha iko wapi. Picha ikiruka kila sekunde mbili, mtoto habandui macho na watazamaji wanapanda. Ukinyamaza sekunde tano umngoje ajibu, unaogopa atahama. Na hicho kimya ndicho somo lenyewe.

Na wewe kaka ama dada mkubwa pale nyumbani, ni dakika tano tu. Katuni ikiisha, mwaga vifuniko vya soda mezani: "Nipatie vitatu." Akikupa vinne, usimcheke. Hesabuni pamoja, agusa kimoja kimoja kwa kidole. Katuni imempa jina la namba. Maana ataipata na mikono yake.

Haya, mtoi wa kwenu anaangalia nini siku hizi, na ni nani anamuuliza maswali ikiisha?