Kutoka Kioo cha Kompyuta Hadi Mbingu ya Kweli



Wapenzi wasomaji, miongoni mwa vijana wetu wa darasa la juu wapo wanaopenda sana michezo ya kompyuta ya kusafiri angani. Mmoja wao alitueleza habari za Elite Dangerous, mchezo uliotoka mwaka 2014, ambamo mchezaji hurusha chombo chake kutoka nyota moja hadi nyingine kwa muda mfupi tu. Akatutajia majina: Sirius, Rigel, Aldebaran. Tulipomuuliza nyota hizo ziko wapi juu ya paa la kwao, alicheka. Hakujua kwamba zipo kweli na zinaonekana kwa macho.

Baadhi ya wazazi walitutaka tuipige marufuku michezo hiyo moja kwa moja. Sisi tuliona ni bora tumshike kijana kwa kile anachokipenda, kisha tumtoe nje akaone.

Anayeanza hahitaji fedha. Kwanza, achague usiku wenye giza. Anayefuata kalenda ya Hijria hana tabu: kuanzia tarehe 22 hivi hadi mwezi mpya kuandama, saa za mwanzo za usiku hazina mbalamwezi. Pili, azime taa na simu, angoje dakika 20 hadi 30 macho yazoee. Tatu, ajue kwamba nyota humemeta, ama sayari kama Zuhura na Mshtarii hutulia. Mwenye darubini ya mkono akimlenga Mshtarii, mkono ukiwa umetulia, ataona vidoto vidogo ubavuni mwake. Hiyo ni miezi yake mikubwa, ile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Lakini darubini isielekezwe kwenye jua kamwe, kwani hupofusha.

Kuanzia Januari hadi Machi, baada ya Isha, tazameni juu. Nyota tatu zilizopangana mstari ni mshipi wa Jabari. Fuateni mstari huo upande mmoja, mtafika Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku. Waarabu huiita Shi'ra, nayo imetajwa katika Suratun-Najm, aya ya 49. Upande wa pili mtafika Aldebaran yenye wekundu, na mbele yake kishada cha Kilimia, ambacho wakulima wetu walijulia majira. Mawili kati ya majina yale ya mchezoni ni ya Kiarabu: Aldebaran ni ad-dabaran, mwenye kufuata, kwa kuwa huifuata Kilimia, na Rigel ni rijl, yaani mguu wa Jabari.

Mwezi wa sita, giza likiingia, geukieni kusini. Mtaona nyota nne ziitwazo Msalaba wa Kusini. Urefusheni mstari wake mrefu mara nne na nusu kuelekea chini, kisha shukeni hadi ardhini: hapo ni kusini. Na hapa pwani, tangu Mombasa hadi Tanga na Unguja, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Basi anayeipa kusini mgongo ameelekea kibla, hata kama simu yake imezima chaji.

Mzazi mmoja alitujia amekasirika. "Maalim, mnawafundisha wanetu kupiga ramli?" Alisema angemtoa mwanawe madrasa. Hofu yake ilikuwa na msingi, maana wapo wanaouza utabiri kwa jina la nyota. Tukamweleza kuwa mpiga ramli hudai kujua ghaibu, jambo ambalo ni la Mwenyezi Mungu peke yake. Ama elimu ya falaki huhesabu nyakati za swala, kibla na mwandamo. Tukamwalika. Alikuja, akakaa pembeni kimya. Vijana walipogeuka kuelekea kibla kwa kufuata nyota, naye alisimama akageuka. Ruhusa aliyompa mwanawe ni ya usiku wa kuamkia Jumamosi tu, nasi tumeiheshimu.

Vijana wetu, mchezoni mnafika Sirius kwa kubonyeza kitufe. Nuru yake halisi husafiri zaidi ya miaka 8 ndipo ituangukie machoni. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, na mwendo wake wote tangu siku hiyo, nuru huumaliza kwa muda wa siku moja hivi. Mwenye kujua hilo hawezi kuitazama mbingu kwa kiburi.

Tumeweka masharti matatu: Isha iswaliwe kwanza, awepo mtu mzima, na kila mmoja awe kitandani mapema. Anayekesha na nyota akaikosa Alfajiri, faida yake iko wapi?

Wabillahi tawfiq.