Siku Tano Dubai na Vifuko vya Buni

Tangu tulipofungua shule mwezi wa Februari 2024, kila niketipo mezani naulizwa swali lile lile: "Je, ulipanda Burj Khalifa?" Basi na niwajibu wote pamoja, na wazee wetu waliomaliza zamani wapate kusoma nao. Sikupanda. Niliutazama kutoka chini hata shingo ikaniuma, kwa maana kutazama ni bure. Mnara ule una mita 828, ulifunguliwa mwaka 2010, na mpaka leo haujapitwa na jengo lo lote duniani.

Habari yenyewe ni hii. Mjomba wangu ni katibu wa chama kidogo cha wakulima wa kahawa kwetu Bugisu, katika miteremko ya Mlima Elgon. Mwezi wa Januari palikuwa na maonyesho ya kahawa huko Dubai, yaitwayo World of Coffee, katika kumbi za Dubai World Trade Centre. Chama kilimtuma akatafute mnunuzi, naye akanichukua nimbebee mizigo na kumwandikia hesabu, kwa kuwa ilikuwa likizo. Mizigo yetu ilikuwa kilo kumi na mbili za buni katika vifuko vya karatasi, na mashati. Amri yake ilikuwa fupi: "Mchana soko, jioni mji."

Katika kumbi zile mashine za kahawa zang'aa kama magari ya harusi. Lakini lililonishangaza ni waonjaji. Buni hukaangwa, husagwa, humwagiwa maji ya moto vikombeni. Kisha mwonjaji huchota kwa kijiko na kuifyonza kwa kishindo, halafu huitema. Mtu mzima, mwenye suti! Bibi yangu angemfukuza jikoni. Kila kahawa hupewa alama katika 100, na ile ipatayo 80 au zaidi huhesabiwa kuwa ya daraja la juu.

Siku ya kwanza watu walitupita tu. Siku ya pili mzee mmoja mwenye duka la kukaangia kahawa alionja yetu, akanyamaza, akafyonza tena. Mjomba alikuwa akikunjakunja kofia yake mkononi. Mzee akaandika 84. Ndipo maswali yakaanza: magunia mangapi, mmeoshea wapi, mmeanikia juu ya nini, unyevu ni asilimia ngapi? Mjomba alijibu yote ila hilo la mwisho. Chama hakina kipimo cha unyevu; kwetu mtu huuma punje kwa meno.

Jioni ile tulikwenda penye mnara kutazama maji yanayorushwa juu na kucheza kwa muziki. Ni mazuri, siwezi kusema uongo. Kando yake tuliona kikombe kimoja cha kahawa kikiuzwa dirhamu 24. Nilitoa daftari. Ukitia gramu 18 katika kikombe, kilo moja iliyokaangwa yatoa vikombe 55, yaani dirhamu 1,320, zaidi ya milioni moja na laki tatu za shilingi zetu. Fedha hiyo yapita ada yangu ya muhula mmoja, ambayo mama huipata kwa kuuza magunia mawili. Nilitaka kukasirika. Mjomba akaniuliza, "Na kodi ya duka hili nani alipa? Na taa zote hizi?" Nikaandika swali lake chini ya hesabu yangu. Bado sijalijibu vizuri.

Kwangu mimi mahali pa kuona Dubai si pale. Ni horini, katikati ya Deira na Bur Dubai, ambapo unavuka kwa mashua iitwayo abra kwa dirhamu moja tu. Waarabu huliita khor, nasi twasema hori. Majahazi yamefungwa gatini yakipakia mipira ya magari na majokofu. Ng'ambo, katika mtaa wa Al Fahidi, zipo nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, na dari za nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mjomba alisimama akazitazama kuliko alivyoutazama mnara.

Na jambo hili halijulikani na wengi: mafuta yaligunduliwa huko mwaka 1966, lakini kabla ya hapo, mtawala wao Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum alikuwa amekwisha kopa fedha na kuchimbua mchanga wa hori lile ili vyombo vikubwa zaidi viweze kuingia. Walianza na deni na matope. Hata leo kahawa hailimwi pale kama kwetu, lakini mwaka 2019 walifungua kituo cha kahawa chenye maghala, majiko ya kukaangia na vyumba vya kuonjea. Kahawa yapita kwao kwenda kwingine, nao hubaki na chao.

Mwezi wa Machi yule mzee aliandika barua. Anataka magunia ishirini, unyevu usizidi asilimia 12. Wakulima wamekutana mara mbili. Wengine wasema tumwuzie mnunuzi wa kijijini anayelipa leo leo. Wengine wasema tuchange tununue kipimo, tungoje. Mama yangu amechanga. Kwa hiyo muhula huu ada yangu imelipwa nusu, na Bwana Mhasibu wa shule amenipa muda hadi mwisho wa mwezi.