Mbao za Bustanini na Atakayezitunza

Useremala nilifundishwa na mjomba, Tanga mjini, kwenye karakana iliyokuwa ikitoa makabati, vitanda na milango. Kazi za nje zilinijia baadaye, hoteli za ufukweni upande wa Pangani zilipoanza kuagiza mabenchi, meza na vibanda vya kupumzikia bustanini. Sijaziacha tangu hapo. Jambo ninaloliamini kwa moyo wote ni kwamba rangi, vanishi au mafuta ya mbao za nje huchaguliwa kwa kumtazama mtu atakayezitunza. Kopo linavyovutia dukani si hoja.

Wateja wengi huja na ombi moja: "Fundi, nataka ing'ae." Maana yake wanataka vanishi. Ndani ya nyumba sina ubishi nayo. Nje ni habari nyingine, kwa sababu vanishi hutanda juu ya ubao, na jua la pwani hupita kwenye utando ule likauunguza uso wa ubao ulioko chini. Nyuzi za mti zinalegea, vanishi inakosa pa kushika. Tena ubao huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na vanishi iliyokauka haiwezi kuufuata, inapasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Maji yakishaingia humo hayana pa kutokea. Nimewahi kuinua vanishi ya namna hiyo kwa ukucha wa kidole gumba, ikatoka vipande vipana vinavyopitisha mwanga, na chini yake mninga mzuri umekuwa kijivu wenye madoa meusi ya ukungu. Hapo hakuna dawa ila kukwangua yote mpaka ubao mtupu, na benchi lenye vijiti vya mgongo huchosha kulikwangua kuliko kulitengeneza.

Kupaka mafuta nilijifunza kwa mafundi wa majahazi. Ubavu wa chombo ulio juu ya maji wao huupaka sifa, yaani mafuta ya papa. Sehemu ya chini huipaka deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama. Harufu ya sifa hakuna mgeni wa hoteli atakayeivumilia, lakini busara yake ndiyo niliyoichukua: mafuta huzama ndani ya ubao, na yakipungua unaongeza mengine bila kukwangua chochote. Mimi natumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo wauza rangi wengi huyaita linsidi. Mkono wa kwanza nayazimua kwa tapentaini, nusu kwa nusu, yapate kupenya. Mikono inayofuata napaka bila kuzimua, nasubiri kama robo saa, kisha nafuta yote yaliyobaki juu, maana yakiachwa hunata na kukusanya vumbi. Na vile vitambaa vya kufutia, ndugu msomaji, usivikunje ukavirundika pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe. Navitandaza kimoja kimoja nje, mbali na takataka za randa. Vijana wangu nawafundisha hilo kabla hawajashika brashi.

Sehemu ninayoishughulikia kuliko zote ni miguu. Ubao hunywa maji kichwani, pale ulipokatwa, mara nyingi zaidi kuliko ubavuni, kwa sababu mirija iliyokuwa ikipandisha maji mtini imeachwa wazi. Benchi la bustanini husimama juu ya vichwa hivyo, kwenye udongo wenye unyevu na mchwa. Kwa hiyo kila mguu nausimamisha ndani ya sahani ya bati yenye mafuta, usiku kucha. Asubuhi mafuta yamepungua, yamepanda ndani ya mti. Kisha naomba benchi liwekwe juu ya mawe bapa, lisiguse udongo.

Aina ya mti nayo ina neno. Msaji wa Longuza, kule Muheza, una mafuta yake wenyewe. Ukiuacha mtupu hugeuka kijivu cha fedha na hauna shida. Ukitaka kuupaka rangi, ufute kwanza kwa thina, la sivyo rangi haitashika. Paini ya Sao Hill ni laini na mchwa wanaipenda, haikai nje bila kinga. Hiyo nakubali ipigwe praima na mikono miwili ya rangi ya mafuta, kwani rangi yenyewe hulizuia jua lisiufikie ubao. Mbao za dawa, zile za kijani, zinafaa nguzo. Lakini nyingi zimetiwa dawa yenye arseniki, ambayo Marekani iliacha kuitumia kwa mbao za majumbani kuanzia 2004. Meza ya kulia au bembea ya watoto sizitengenezi kwa mbao hizo, na mabaki yake nakataza yasiende jikoni kuwa kuni. Oili chafu ya magari pia siitaki: huchafua nguo za watu, na mvua huishusha kwenye udongo.

Meneja mmoja wa hoteli alishikilia vanishi. Nikamwambia, "Mama, hebu tumwite mtunza bustani." Mzee akaja, nikamwamkia, nikamweleza kazi ya kila njia. Akaligeuza benchi, akapapasa vijiti vya mgongo. "Mafuta na kitambaa hayanishindi, mwanangu," akasema. "Msasa ndio siuwezi tena." Mama akamtazama, akaniambia nipake mafuta. Mzee yule aliyaongeza kila mwaka kwa mkono wake, na mabenchi yale hayakurudi karakanani kwangu.

Kama una benchi au meza bustanini, nyunyizia maji kidogo juu yake. Yakisimama matone, mafuta bado yamo. Yakinywewa papo hapo na ubao ukawa mweusi, umefika wakati wa kupaka tena. Fanya hivyo Februari, mbao zikiwa kavu, kabla ya masika.