Nilikuwa Mwari, Nikaenda Kuhesabu Mwari



Leo tuiweke kando hina na singo, nataka kuwasimulia habari za ndege. Kwetu Unguja, mwari ni msichana aliyewekwa ndani akingoja harusi yake. Lakini mwari pia ni yule ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo. Mimi nilitoka ndani nikaolewa Magu, na huko nikakutana na mwari wa pili.

Miezi ya mwanzo ilinishinda. Mume wangu kutwa yuko kazini, nami nashinda nikiilia bahari. Wifi yangu ananiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", sijui nijibu nini. Ilipofika Januari akaniambia kuna kikundi kinachojitolea kuhesabu ndege kwenye Ghuba ya Speke, karibu na pale mto Simiyu unapoingia Ziwa Viktoria. Nikamuomba mume wangu ruhusa, tukaenda sote wawili, mimi na baibui langu na mabuti ya mpira.

Kumbe kila Januari ndege wa majini huhesabiwa hivyo katika nchi nyingi za Afrika. Eneo ambalo mara kwa mara lina asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani linaweza kutambuliwa kuwa muhimu kwa dunia nzima. Hata Jozani yetu imo katika orodha ya maeneo muhimu kwa ndege. Siku mtu akitaka kukausha kinamasi au kufyeka mafunjo, karatasi ile ndiyo shahidi.

Tulipangiwa kundi moja, kila mtu ahesabu peke yake, kumikumi. Nilikuwa nimefika 30 na kitu, ukapita mtumbwi, mwari wote wakaruka. Nikaandika 60. Wifi aliandika 38. Kiongozi wetu akaniuliza kwa upole: "Bibi, umewaona au umewatamani?" Uso ukaniwaka. Akanionesha: ukikadiria, andika kuwa umekadiria, usipoona kitu, andika sifuri, nayo ni habari. Nikakata ile 60.

Usiku nilisoma Suratun Naml, pale Nabii Suleiman, alayhi salaam, alipowakagua ndege akamkosa hudhud. Hudhud aliporudi alileta habari ya yakini. Ndege yule hakukisia, na mimi mwanaadamu niliandika matamanio yangu! Hesabu ni amana, shoga zangu.

Nikakumbuka na hesabu yangu nyengine. Kila mama akipiga simu nilimwambia, "Alhamdulillah, nimeshazoea." Ile nayo ilikuwa 60. Usiku ule nikampigia mwenyewe: mama, mume wangu ni mwema, wifi ananipenda, lakini bado nalia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Leo ndiyo nimekusikia mwanangu." Tangu siku ile ananipigia kila Ijumaa baada ya Alasiri, na nafsi yangu imetulia.

Bibi harusi unayekwenda mbali, ukiulizwa hali, sema ulichokiona. Na ukisikia watu wanahesabu ndege ulipo, kajiunge nao. Hawahitaji mtaalamu, wanahitaji macho na ukweli.

Allah atujaalie tuwe wakweli katika kidogo na kikubwa. Amin.