Gari la Sampuli

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mama anayechoma dhahabu kwenye jiko la mkaa, mtoto akiwa mgongoni, haoni cha kuogopa. Anaona kidonge cha kijivu, zebaki iliyoshikana na dhahabu, kikigeuka njano, na hiyo njano ndiyo unga, ndiyo madaftari ya watoto. Mimi ni mteknolojia wa maabara. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia ndani ya boksi la bati lililofungwa juu ya lori, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, nikikitafuta hicho kisichoonekana katika mikojo, damu na nywele za watu.

Nilianzia hospitalini, kwenye hadubini, kama wengi wetu wa Kanda ya Ziwa: malaria, kichocho, minyoo. Wachimbaji walikuja wakiwa wamechelewa, mikono inatetemeka, usingizi umewapotea, mdomoni wanahisi ladha ya chuma. Tulipima tulivyoweza kupima, zebaki haikuwamo katika vipimo vyetu, na mtu akarudi mwaloni, pale wanaposaga na kuosha mawe ya dhahabu, na vidonge vya kitu kingine. Hilo liliniuma. Niliposikia watafiti wanatafuta mtu wa maabara wa kwenda na gari machimboni, sikuuliza posho ni kiasi gani.

Kwa nini gari? Kwanza, watu wa machimbo hawakai. Dhahabu ikisikika Nyarugusu, Rwamagasa inabaki nusu. Ukimwambia mchimbaji aje mjini Jumatatu, Jumatatu yuko ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, la wilaya nyingine. Pili, sampuli nayo haisubiri. Mkojo ukikaa kwenye chupa isiyofaa, zebaki yake hushika kwenye kuta za plastiki, nyingine hurukia hewani, na kile kinachofika maabara kuu baada ya safari ndefu ya vumbi na joto si kile kilichotoka mwilini. Ilikuwa lazima friji, asidi ya kuhifadhia na mashine viende mlangoni kwa mtu.

Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni vita na uchafu. Tulikuwa tukitafuta chembe ndogo za zebaki mahali ambapo zebaki imo katika udongo, katika nguo, katika noti ya elfu kumi mfukoni mwa mchimbaji. Gari liliegeshwa mbali na mialo, upande upepo unakotoka. Jenereta likawekwa upande unakoelekea. Sakafu ilipanguswa kwa kitambaa kibichi, maana ufagio ungeliamsha vumbi. Hakuna aliyeingia na viatu vya nje. Mtu alinawa mikono na sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kugusa chupa, na mkojo tuliutaka wa asubuhi, kabla hajaenda kazini na kuvaa ile fulana yake ya mwaloni. Kila siku tulibeba pia chupa za maji safi, tukazifungua na kuzifunga palepale tulipofungua chupa za watu. Hizo ndizo sampuli tupu. Ikiwa jioni maji yale yataonyesha zebaki, basi kazi yote ya siku ile ina shaka, na nimewahi kuwaona vijana wa timu yangu wakilia kwa sababu ya chupa moja ya maji. Niliwaacha walie. Anayelilia usafi wa sampuli ndiye ninayetaka afanye kazi hii.

Mashine yetu ilitumia siri ileile inayotumika mwaloni. Unaweka matone ya mkojo au vipande vya nywele kwenye kijichombo kidogo, mashine inavichoma ndani ya oksijeni, na mvuke unapitishwa kwenye dhahabu iliyomo ndani yake. Dhahabu inaikamata zebaki. Kisha dhahabu inapashwa moto, zebaki inaruka yote kwa mkupuo, inapita mbele ya mwanga wa urujuanimno, na kadiri mwanga unavyomezwa ndivyo kiasi kinavyojulikana. Niliwaeleza hivyo wachimbaji waliokuja kuchungulia mlangoni, na hakuna darasa lililowahi kunielewa upesi kama lile. Mmoja alisema, "Kumbe na nyie mnakamatisha." Wao hukamatisha ili wapate dhahabu na kuiacha zebaki iende. Sisi tulitaka hiyo inayokwenda.

Mkojo na nywele havisemi jambo moja. Zebaki ya mvuke, ile ya kuchoma, hupita kwenye mapafu, na karibu asilimia 80 ya inayovutwa hubaki mwilini, ikielekea zaidi kwenye figo na ubongo. Hiyo huonekana kwenye mkojo. Zebaki ya samaki, iliyogeuzwa na vijidudu majini, huonekana zaidi kwenye nywele na damu. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kishungi kilichokatwa karibu na ngozi, kisogoni, kina kumbukumbu ya miezi yake. Ila nywele za mchomaji hushika mvuke kwa nje pia, na ukizisoma bila kulijua hilo utamsingizia sangara kosa la jiko.

Lakini ni nani atakayekupa nywele zake? Katika mikoa yetu, gari lililofungwa pande zote, lenye watu waliovaa glovu wanaotaka damu, lina historia. Bibi zetu walitusimulia habari za mumiani na chinjachinja, na hofu ile haijafa. Nywele ni nzito zaidi. Hapa ndipo watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta bahati, hata bahati ya dhahabu. Mtu anayekataa kumpa mgeni nywele zake machimboni ana akili timamu. Sikuwahi kumbembeleza aliyekataa, na niliwakataza vijana wangu wasimcheke.

Tulichofanya ni kuacha milango wazi. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji waliingia kwanza, kisha wazee, kisha yeyote aliyetaka. Kibali cha utafiti kilisomwa hadharani. Nywele zilikatwa mbele ya ndugu, zikawekwa kwenye bahasha yenye namba bila jina, na zilizozidi mtu aliondoka nazo mwenyewe.

Kizuizi kikubwa kuliko mumiani, hata hivyo, tulikijenga sisi watafiti. Kwenye kijiji kimoja mzee wa Kisukuma alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Walikuja wengine kabla yenu. Walichukua mkojo wa mke wangu wakaondoka nao. Mke wangu amekufa bila kujua mkojo wake ulisema nini. Leo mmekuja na chupa nyingine." Hakuna aliyejibu. Mzee alikuwa na haki, na tangu siku ile sikukubali kufungua chupa hata moja kabla ya mkuu wa utafiti kuweka katika bajeti mafuta ya safari ya kurudisha majibu.

Majibu nayo yana namna yake. Huwezi kumwachia mtu karatasi yenye namba. Tulitumia viwango vya Wajerumani: chini ya mikrogramu 5 kwa kila gramu ya kreatinini hakuna wasiwasi; kuanzia 20 mtu anahitaji hatua na uangalizi. Kreatinini, taka ya misuli itokayo na mkojo, inatusaidia kumtendea haki mchimbaji aliyeshinda juani bila maji, ambaye mkojo wake ni mzito kwa kila kitu. Kisha tulieleza jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii: mtu akiacha kuvuta mvuke, zebaki ya mkojoni hupungua kama nusu katika miezi miwili. Kwa hiyo gari likirudi baada ya msimu, mtu anaweza kuona kazi ya uamuzi wake mwenyewe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unataka mpango wa taifa uwakinge watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Nakubaliana na kila neno. Ila mpango usiokuwa na gari, friji na mteknolojia anayerudi hautajua kama umemkinga mtu yeyote. Halmashauri zenye dhahabu, Geita, Chunya, Kahama, zinastahili magari yao wenyewe, yasiyosubiri mradi.

Katika safari mojawapo ya kurudisha majibu, Rwamagasa, dada mmoja mwenye mimba changa alikaa kwenye ngazi ya gari. Namba yake ilikuwa juu ya 20.

"Shikamoo dokta. Nisichome tena, au nichomee wapi?"

Nilimwambia asichome kabisa hadi ajifungue na amalize kunyonyesha, na anayemchomea atumie retorti, chombo cha kufungwa chenye bomba la kuupoza mvuke, mbali na nyumba.

"Inauzwa wapi?"

Nilimchorea umbo lake nyuma ya fomu: kikombe cha chuma chenye kifuniko, bomba lililopinda, na ndoo ya maji. Nikamwelekeza kwa fundi wa kuchomelea mjini Geita anayezitengeneza kwa mabomba ya chuma. Akauliza bei, akahesabu kwa vidole, akamwita mumewe aje asikilize na yeye.